Mti wa Mtoni Chini ya Nailoni

Njoro, 4 Machi 1996

Mpendwa Baba,

Chamgei? Mama na ng'ombe hawajambo? Mimi ni mzima, ila tangu jana silali kwa furaha! Lile tawi nililobeba kutoka nyumbani, la mti ule wenye maua meupe kando ya mto, nilimwonyesha mwalimu wetu wa mimea hapa chuoni, Daktari Nyambeki. Aliruka mpaka kiti kikaanguka! Anasema miti ya aina hiyo imebaki ya kuhesabu, na huko kwetu alidhani ilishakwisha. Baba, najua unataka kuung'oa uongeze chai. Tafadhali usiuguse!

Binti yako,
Chepkurui

Kiptere, 12 Machi 1996

Chepkurui mwanangu,

Chamgei mising. Tuko salama, mvua imeanza. Sijui nikuambieje. Barua yako ilikaa siku tatu ndani ya koti la Orina, karani wa kituo cha kupokea majani ya chai. Nilipoisoma, mti ulikuwa umelala tangu asubuhi, mizizi juu. Nimejuta sana.

Lakini matawi yalikuwa bado mabichi, na mimi miaka ishirini nimeotesha chai kwa vipande, si kwa mbegu. Nikachukua kisu. Jani moja na kijiti chake, kila kipande ndani ya kiriba, kimfuko cha nailoni chenye udongo. Vipande mia mbili! Nimevifunika kwa nailoni, juu nikaweka kivuli, vile tunavyofanyia chai. Mama yako anasema nimerukwa na akili.

Baba yako

Njoro, 20 Machi 1996

Baba,

Hamjambo? Nimelia, halafu nimecheka darasani peke yangu! Daktari hajawahi kusikia mti huo ukioteshwa hivyo. Hebu funua kidogo uchungulie, uniandikie upesi.

Binti yako

Kiptere, 2 Aprili 1996

Mwanangu,

Sisi wazima. Jibu ni hapana. Chai hufunguliwa baada ya miezi mitatu. Ukichungulia, hewa inaingia na umeua. Wewe soma vitabu, kitalu niachie. Mvumilivu hula mbivu.

Baba yako

Njoro, 27 Mei 1996

Baba,

Je, mko salama? Nimeandika mara mbili hujajibu. Kama vimeoza, niambie tu.

Chepkurui wako

Kiptere, 15 Juni 1996

Chepkurui!

Salamu baadaye. Leo nimefungua! Vingi vimeoza, vyeusi tii. Lakini kumi na tisa viko hai! Nilipasua kiriba kimoja polepole, nikaona mizizi myeupe. Nikapiga kelele, Orina akaja mbio akidhani ni nyoka.

Sikukujibu kwa sababu niliogopa. Kila asubuhi nilishika ile nailoni, nikaiachilia.

Sasa miche hii inataka kukaa karibu na maji. Pale ulipokuwa ule mti panatosha mitatu tu, na kando yote ya mto ni chai. Basi nimeng'oa mistari miwili ya chai, ile niliyopanda mwaka ulipozaliwa wewe. Mama yako haongei na mimi.

Mwambie Daktari aje aone. Na wewe mkifunga chuo njoo moja kwa moja, mashimo kumi na tisa siwezi kuchimba peke yangu.

Baba yako