Mtu Aliyetokea kwa Wino Mweusi

Mazwi, Sumbawanga

Mayu, mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Baridi ya Ufipa inaniuma vidole hata kalamu naishika kwa shida, lakini sina ugonjwa. Goti lako linaendeleaje? Na mvua, zimewatosha huko?

Kazi yangu ya kuchapa picha humu chumbani inakwenda. Watu wa hapa picha za marehemu wao hawazitaki za rangi. Wanataka nyeusi na nyeupe, kama za zamani. Hapo ndipo pana ugumu. Printa ikichanganya wino wa rangi ili itoe weusi, uso wa mtu unageuka kijani. Karatasi ya ofisini nayo inakunywa wino mpaka macho yanapotea.

Mwezi uliopita alikuja Bibi Telesia, mjane wa Kaengesa, na picha ndogo ya mumewe amesimama mbele ya nyumba. Alitaka kubwa ya kutundika ukutani. Nyuma ya mzee palikuwa na mlango wazi, ndani giza tupu. Nilijaribu karatasi mbili, mlango ukabaki doa. Ndipo nikatoa karatasi nene isiyong'aa, nikatumia wino mweusi peke yake. Ilikuwa mchana, jua linawaka dirishani. Karatasi ikatoka polepole, na mle mlangoni mlikuwa na mtu.

Alisimama kwa mguu mmoja, ameegemea fimbo. Sikio la kushoto limekatika juu.

Mayu, nilikuwa mdogo Baba alipoondoka na ng'ombe kuja huku kutafuta malisho. Sura siikumbuki. Lakini sikio lake lile umetusimulia mara ngapi?

Bibi alipofuata picha yake nikamuuliza, "Huyu mlangoni ni nani?"

Akaisogeza karibu na macho. "Msukuma mmoja tuliyempokea. Alifika kwa miguu, ana homa, hata jina hakuweza kulitaja. Alifia katika chumba hicho."

"Baada ya picha?"

"Kabla, mwanangu. Tulikuwa tumeshamzika wiki mbili nyuma. Siku ya picha humo ndani hamkuwa na mtu."

Akakataa kuichukua. Nilipomweleza habari ya Baba, akanipeleka kaburini. Amelizungushia mawe, na majani huwa anayang'oa mwenyewe. Nikapiga magoti, nikataja jina la Baba, na lako, na majina yetu sisi watoto.

Niliporudi nikamchapia Bibi picha nyingine. Karatasi ya pakiti ileile, wino uleule. Mlango ukatoka mtupu; hata sakafu ya ndani inaonekana. Bibi aliitazama, akasema kwa sauti ndogo, "Basi ameondoka."

Ile ya kwanza ndiyo iliyomo humu, nimeibana kati ya makaratasi magumu. Ni moja tu, Mayu. Machozi yakikujia iweke mbali kwanza. Wino huu hauhimili maji. Kisha niandikie kama ndiye.

Msalimie pacha wangu Doto, na baba mdogo anayetutunzia zizi, na shangazi wa ng'ambo ya mto. Picha usiwaonyeshe kabla hujaitazama peke yako.

Ni mimi mwanao,
Kulwa