Bastola Mbili za Nkambo

Kapata, siku ya posho

Yaya Modeste, kaka yangu mkubwa,

Mtoto wangu Jémima ametia sasa hivi punje ya mahindi mu tundu la bastola ya nkambo, babu yetu, anacheka peke yake. Usiogope, risasi hamna mu nyumba. Meno yake yamekuwa mawili.

Uliniomba nikuchagulie moja, ya kulengea mu klabu yenu na ya kupamba kabati yako. Zote ni vingt-deux za zamani, za risasi ndogo, zinafanana kama mapacha ila rangi ya kishikio. Ya kishikio cheupe inang'aa, lakini haipigi tena. Ya kishikio cheusi imechubuka, ila silinda yake inazunguka vizuri na ingali inapiga.

Beba nyeusi, yaya, na uje mbio. Glodi wangu anaitaka, ati ya kujilinda kule anakochimba. Mi sitaki bwana yangu ashuke mu shimo na kitu cha kuua. Jana nilimwambia: "Tata Jémima, tubakie na nyeupe, itapendeza ku ukuta." Akatoka kwenda kazi.

Ngoja, kuko kelele mu salon. Anagonga msumari! Anaita:

"Mama Jémima, kuya unishikie hii bastola yako nyeupe, isianguke!"

Yaya, naona bwana yangu amekubali tubakie na nyeupe.