Makaa Chini ya Gari

Kifanya, Njombe
Tarehe 25 Agosti 1957

Mpendwa mwanangu Silvesta,

Mimi baba yako mkubwa Enoki nina miaka sabini na miwili kwa hesabu ya mwalimu, na kwa hesabu yangu mwenyewe ni zaidi. Nimevuka vita ya Majimaji. Nimevuka vita ya Wajerumani na Waingereza nikiwabebea mizigo kichwani mpaka nywele za utosini zikakataa kuota. Nimevuka nzige, nimevuka ile homa iliyofuata vita, na nimewazika wadogo zangu wanne, baba yako akiwa wa mwisho. Wote walioshindana nami kubeba gunia hapa Kifanya wamelala, na mimi natembea bila fimbo. Nakuambia haya ujue kwamba anayekuandikia si mtu wa kuogopa ovyo. Lakini barua hii nimeiogopa majuma mawili.

Kamwene, mwanangu. U hali gani huko Korogwe? Kifua chako kimepona? Miiba ya mkonge bado inakuchoma mikono, au sasa umeizoea? Mama yako mkubwa Hulda anauliza kama mnapata mboga huko, au ni maharage tu kila siku. Sisi hapa tu wazima. Goti la Hulda linamsumbua kwa baridi. Mwaka huu baridi ni kali, asubuhi umande umeganda juu ya majani, ukikanyaga unalia. Mahindi tumevuna, viazi vimepona, na miti yangu ya miwati kule kilimani imesimama vizuri kuliko ya mtu mwingine yeyote, hilo hata adui zangu wanakubali.

Usishangae mwandiko. Barua ya mwezi wa sita aliiandika Mwalimu Anania, mimi nikisema na yeye akiandika. Hii naandika kwa mkono wangu, herufi kubwa kama viazi na mistari inapanda mlima. Nilimkalisha mwalimu wa watu akaandika uongo wangu kwa kalamu yake nzuri, sasa naona haya kumkalisha tena.

Ndiyo, mwanangu. Nimesema uongo. Barua ile ilikuwa na uongo.

Nilikuambia mkeo Eufrasia amelichoma gari langu kwa ujeuri, na baraza likaamua alipe, na akalipa yule mtamba mwekundu uliyemwachia. Gari liliungua kweli. Baraza liliamua kweli. Mtamba nilimchukua kweli. Lakini ujeuri haukuwako, na moto ule haukuwa wa mkeo. Sasa soma taratibu, na ukikasirika, kasirika na mimi.

Gari langu unalijua kwa kusikia tu, maana nililinunua wewe umekwisha kwenda. Lile la mizigo, nililinunua kwa yule Mzungu wa miwati alipokuwa anarudi kwao. Mimi ndiye mtu mweusi wa kwanza kuwa na gari hapa Kifanya. Nilijifunza kuliendesha kwa siku nne, wakati dereva wake aliniambia wengine huchukua miezi. Basi ikaja baridi, na gari likakataa kuamka asubuhi. Napiga hendeli mpaka mkono unakufa ganzi, lenyewe linakohoa mara moja, linanyamaza. Dereva yule alinifundisha kuchemsha maji na kuyatia katika rejeta. Mimi nikaona hiyo ni kazi ndefu. Ndama aliyezaliwa usiku wa baridi tunamfanyaje? Tunamwekea kigae cha makaa karibu, anapata joto, anasimama. Nikaweka kigae cha makaa chini ya tumbo la gari. Likaamka. Nikaweka na kesho yake. Likaamka. Nilifanya hivyo siku kumi na zaidi, alfajiri, kabla watu hawajatoka, maana nilijua ni jambo la kuchekwa.

Walioniona ni Hulda na Eufrasia tu, kwa sababu huamka mapema kuliko wote.

Jioni moja nilikuwa natia petroli, kesho yake nipeleke viazi Makambako. Hulda alisema ngoja nikushikie kitu cha kumiminia. Nikamwambia mimi si mtoto. Nikatumia kibuyu. Petroli ikafurika, ikamwagika chini nyingi. Ili Hulda asione hasara nikachukua majani makavu nikayatandaza pale juu, nikaenda kula.

Alfajiri mkeo aliamka. Alijua nina safari. Alijua mgongo wangu siku hizo ulikuwa unauma, ingawa mimi sikumwambia mtu. Akachukua kigae kile kile, akatia makaa, akakiweka mahali pale pale ninapokiweka mimi, ili mkwe wake akitoka alikute gari lina joto. Hilo ndilo kosa lake. Hakuna lingine.

Moto uliruka mpaka boneti. Nilipotoka nilimkuta analipiga gari kwa blanketi, lile la bluu ulilomtumia kutoka Tanga. Alilizima peke yake. Nyaya ziliungua, na mbao za nyuma upande mmoja, na taa. Bila yeye lingebaki bati tupu. Blanketi liliisha, na mkono wake wa kushoto ulitoka malengelenge mpaka kwenye kiwiko. Hilo la mkono sikuliandika katika barua. Na barazani sikulisema.

Sasa nikuambie la barazani, ndilo linalonikaba.

Watu walikuwa wengi, maana habari ya gari kuungua ilifika mpaka Mjimwema. Jumbe Nikodemo aliniuliza makaa yalifikaje chini ya gari. Nilikuwa nimekuja na nia ya kusema kweli, naamini hivyo. Lakini Odilo, unamjua, yule wa ng'ambo ya mto ambaye hajawahi kuwa hata na baiskeli, akasema kwa sauti, "Mzee Enoki, labda gari lilikuwa linasikia baridi. Mlilifunika na nguo?" Watu wakacheka. Jumbe mwenyewe akaficha mdomo. Nikasikia damu inapanda, nikasimama nikasema, "Mimi nimeendesha gari hili mpaka Makambako na kurudi. Mimi niliwekee makaa kama ndama? Hajawahi mtu kuona moto chini ya gari langu. Huyu mtoto wa watu amefanya kwa akili yake mwenyewe, na nilimkataza."

Sikumkataza, Silvesta. Hata siku moja.

Jumbe akamgeukia mkeo. "Mama, umesikia maneno ya mkwe wako. Una neno?"

Unajua mila yetu. Mkamwana hamkatalii baba mkwe mbele ya watu, hata macho hamwinulii. Wazee wote pale walijua, na mimi nilijua kuliko wote. Nilisema uongo ule nikijua kwamba mtu pekee anayeweza kuukataa, mdomo wake umefungwa na heshima anayonipa. Alipiga magoti, mkono umefungwa kitambaa, akatazama chini. Jumbe akangoja. Kisha akasema, "Aliyenyamaza amekubali." Wakanipa mtamba. Odilo huyo huyo akaja kunipa mkono, akasema, "Umeshinda, mzee." Na mimi nikafurahi. Sitakuficha, nilifurahi.

Hulda hakugombana nami. Ila tangu siku hiyo, kila asubuhi nikikaa kunywa uji, analeta kigae cha makaa anakiweka mbele ya miguu yangu, halafu anakwenda zake. Nilimwambia aache. Kesho yake akaleta.

Kisha likaja jibu lako, kwamba ukirudi usimkute Eufrasia katika nyumba yako. Mwalimu alilisoma uani kwa sauti. Mkeo alikuwa anapepeta mahindi. Alimaliza kupepeta yale yote, akayatia katika kapu, akamkabidhi Hulda. Asubuhi alimbeba mwanenu Emilia mgongoni akaenda kwao Makambako. Mimi nilikuwa ndani, nimelala macho, nikasikia hatua zake zinapita dirishani. Sikutoka.

Sasa gari lilitaka nyaya, na fundi mwenye nyaya yuko Makambako. Mwanzo wa mwezi huu nikamswaga mtamba kwa miguu nikamuuze huko. Siku tatu, tulilala Njombe na tulilala Mtwango. Vijana wangapi wanaweza? Lakini sikwenda kwa wakwe zako. Nilipanga kuuza, kununua nyaya na kurudi kimya kimya.

Pale njia panda, wanapouza viazi na kunde, mtamba alisimama, akainua kichwa, akanivuta na kamba yake. Alimwona Eufrasia kabla yangu. Alikuwa amekaa na fungu lake la viazi. Mtamba akaenda akamlamba mkono, ule wenye kovu. Na yeye, mbele ya watu wote wale, alipiga magoti akaniamkia, "Kamwene, baba," akachukua mzigo wangu, akanitangulia mpaka kwa baba yake. Nikamfuata.

Mkweo Mzee Filbert aliponiona na ng'ombe, alisimama, akavua kofia. Akamwita mkewe Idda, akawaita majirani, akasema, "Njooni mwone. Huyu ndiye mkwe wa binti yetu. Ametembea kutoka Kifanya na umri wake, kuja kurudisha ng'ombe wa mtoto." Wakaniwekea kiti. Wakanichinjia kuku. Mzee mmoja akasema watu wa namna yangu wamekwisha. Na mimi, mwanangu, nilikaa katika kiti kile, nikala paja la kuku, nikasema, "Ni kweli, wamekwisha." Nilisema hivyo kwa kinywa changu.

Tulipomaliza kula Mzee Filbert akasema, "Mkwe wangu, wewe umeonyesha utu, na sisi si watu wa kupokea tu. Binti yetu amekutia hasara. Mimi nina fahali mmoja wa kulimia. Mchukue, utengeneze gari." Akamwambia Idda amfungue. Idda hakubisha. Akainuka, akaenda zizini. Nikamwona Eufrasia amesimama mlangoni na sahani mkononi, anatazama chini vile vile kama barazani, na nikajua kwamba angeweza kumwona baba yake anatoa fahali wake wa mwisho na bado asifungue mdomo, kwa ajili yangu.

Nikasema, "Mwacheni fahali. Makaa yalikuwa yangu."

Waliponitazama nikasema yote. Kigae, petroli, majani, Odilo, baraza. Na kwamba sikuja kurudisha mtamba, nilikuja kumuuza. Hilo lilikuwa gumu kuliko mengine. Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka. Mzee Filbert alivaa kofia yake. Nikamwomba nirudi na Eufrasia nyumbani. Akaniambia, "Mume wake ameandika asimkute. Sasa mzee, nimtoe hapa kwa neno lako? Neno lako ndilo lililomleta."

Nilirudi peke yangu. Mtamba yuko kwao, ni wake na wako. Hapa Kifanya nilikwenda kwa Jumbe nikaomba baraza, nikasema mbele ya watu wale wale. Odilo alicheka mpaka akakaa chini, watoto sasa wananiita Baba Ndama, na Jumbe alinitoza mbuzi kwa kulidanganya baraza. Nimelipa, na ni mbuzi mkubwa kuliko wote waliowahi kutozwa hapa. Gari nitalitengeneza kwa kuuza magome ya miwati yangu mwenyewe, hata ikichukua miaka. Nimewaza sana nani alipaswa kulipa. Hata kama nisingemwaga petroli, hata kama kosa lingekuwa la mkono wake kabisa, mtu anayeamka kwenye baridi ile kukuandalia safari, unamdaije ng'ombe? Nilipaswa kumnunulia blanketi. Nimenunua. Hulda amelikunja, halipeleki, anasema atalikabidhi hapa hapa mlangoni.

Kwa hiyo mwanangu, kinachobaki kiko mikononi mwako. Andika barua, usiitume kwangu, itume kwa Mzee Filbert, Makambako, na useme unamtaka mkeo nyumbani kwako. Hawatamtoa kwa kitu kingine. Mimi sijawahi kumwomba mtu mdogo kuliko mimi, wala mkubwa. Nakuomba wewe.

Hulda anakusalimu. Mwalimu Anania anakusalimu. Shangazi yako Telesia wa Mjimwema anauliza utarudi lini. Mungu aliyenivusha mimi katika yote akulinde wewe katika miiba hiyo, na akupe moyo mwepesi kuliko wangu.

Kama huniamini, na una haki, mwulize Hulda, aliona makaa kila alfajiri. Mwulize Jumbe Nikodemo, yameandikwa katika daftari lake. Mwulize Mzee Filbert na Idda, niliyasema uani kwao. Hata Odilo mwulize, hataacha kukusimulia. Ila usimwulize Eufrasia. Ukimwuliza atakuambia moto ulikuwa wake.

Ni mimi baba yako mkubwa, ninayekupenda na ninayeona haya kukutazama,
Enoki Mwalongo