Makofi ya Kidato cha Pili

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila mkono umekataa kuanza bila hiyo.

Wamenipa darasa lako. Mkuu wa shule alisema hakuna mwalimu mwingine wa Kiingereza hapa Bahi, na kwamba hata wewe ungependa iwe hivyo. Sikubisha. Niliyezoea kubishana naye ni wewe.

Kidato cha pili bado wamesimama pale pale ulipowaachia, kwenye vitenzi vyako: stagger, wobble, totter, stumble. Wengine tunaviandika ubaoni, tunasema vyote ni kuyumba na kupepesuka, tunafuta. Wewe uliviigiza. Stagger ulikuwa mlevi anayetoka kilabuni na wimbo mdomoni. Totter ulikuwa mtoto anayeachia mguu wa meza kwa mara ya kwanza. Wobble ilikuwa baiskeli yako mwenyewe, tangu rimu ilipopinda. Halafu unawaambia kwamba bei nayo huyumba, sauti huyumba, na imani ya mtu inaweza kuyumba miguu ikiwa imetulia. Mwisho, kwenye stumble, unajikwaa na kujibwaga chini kama gunia la mpunga, na darasa zima linakupigia makofi ya kilo, yale mazito ya pamoja. Kila mwaka. Mama alilalamikia vumbi kwenye suruali, ukamjibu kwamba Kiingereza hakifundishwi na suruali safi.

Ndiyo maana siku ile walipiga makofi, Baba. Uliyumba, ukashika ubao, ukaanguka, nao wakapiga kwa nguvu kuliko siku zote kwa sababu hawakuwahi kuona ukiigiza vizuri vile. Mimi nilikuwa darasa la jirani. Niliwaambia wanafunzi wangu, "Huyo ni baba," nikaendelea kuandika. Nyemo, yule binti wa dawati la mbele, ndiye aliyeanza kupiga. Ndiye pia aliyekuja mbio kuniita.

Tangu tukuzike, Nyemo haji shule. Jumamosi nilichukua bodaboda hadi kwao. Mama yake alinikaribisha uji wa uwele, akanieleza kwamba mtoto chakula anakidokoa tu, anachunga mbuzi, na kuzungumza hataki. Nilimfuata malishoni. Njia nzima nilikuwa nimejipanga: nitamwambia ni presha, daktari alisema hata tungewahi isingesaidia, hakuna anayemlaumu. Nikayasema yote. Alisikiliza huku akichorachora chini kwa fimbo. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, alitusikia?"

Nilisimama pale katikati ya mbuzi, mimi msomi wako. Nikamwambia sijui. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kumtoa mbuzi aliyeingia shamba la watu, na hakurudi nilipokuwa.

Na mimi sasa swali lake nimelibeba. Nikipika ninalo, nikisahihisha madaftari ninalo. Kama uliyasikia makofi, huenda uliondoka ukidhani somo limeeleweka, na hilo ningelipenda sana. Lakini kama uliyasikia huku ukitaka mtu akushike mkono... Baba, sentensi hiyo siwezi kuimaliza. Nimeijaribu. Mama naye ananitazama kana kwamba ninajua kitu ninachomficha, na mimi sijui chochote.

Lala salama, mwalimu wangu. Jumatatu nitavifundisha vitenzi vile nikiwa nimekaa kwenye kiti, maana kuigiza siwezi, na nadhani hata wao hawataki. Jumamosi nitarudi kwa Nyemo, na Jumamosi itakayofuata pia. Nitakaa naye tu mbuzi wakila, ili akitaka kuuliza tena awe na mtu wa kumuuliza, asikuulize wewe peke yako.

Binti yako,
Neema