Kamba ya Baba na Mteremko wa Mutuma

Kendi mjukuu wangu,

Mvua imeshika huku Githongo, na goti la babu yako limepona, sasa ananisumbua vizuri. Unauliza mbona kwenye kompyuta shamba lile lile linakuwa kubwa kwa ramani moja na dogo kwa nyingine. Haikudanganyi. Dunia ni ya mviringo kama chungwa. Ukiilaza kwenye karatasi, lazima mahali fulani pavutike. Ukilinganisha mashamba, tafuta ramani inayotunza ukubwa, uyapime yote kwa hiyo.

Hata Baba yangu aliwahi kudhani ramani inamdanganya. Nikiwa msichana, aligawana shamba na mdogo wake, Mutuma. Baba alipata tambarare, Mutuma mteremko wa mtoni. Ramani ilisema mashamba hayo mawili yanalingana. Baba akapima kwa kulaza kamba chini udongoni, shamba la Mutuma likazidi. Baba akakataa kupanda miti ya mpaka.

Mpima ardhi akaja, akanyoosha kamba hewani, imelala kama maji kwenye sufuria, akashuka nayo mteremkoni kidogo kidogo. Mashamba yakalingana.

“Ramani inaangalia kutoka juu,” akasema. “Mteremko haiuoni.”

Mutuma akacheka. “Ndiyo maana haijawahi kunisaidia kupandisha kahawa kutoka mtoni.”

Baba akapanda miti ya mpaka. Kahawa ilipoiva, alituamsha sisi watoto wake twende tukambebee Mutuma kahawa yake kupanda mteremko.

Nyanya yako, anayekungoja Krismasi