Kamera Imenijibu

Shoga, leo kamera imenijibu!

Unajua nilivyochoka kulea mtoto wa bosi huku natazamwa kutwa kwa kamera ya ukutani, na simu haziishi, mara shika hivi, mara weka vile. Mshahara mnono, roho haitaki. Leo nikaivika kamera soksi ya mtoto, nikambeba, nikamwambia, "Mjukuu wangu, mwisho wa mwezi bibi anaondoka. Mama yako ananichunga kama mwizi."

Sauti ya bosi ikatoka ndani ya soksi: "Bibi, usiondoke."

Ndani ya soksi, shoga! Kumbe nimefunika jicho, masikio yako wazi!

Nikamuuliza, "Wewe huko ofisini huna kazi, mwanangu?"

"Ninayo, bibi, na ninaichukia. Nikiwatazama ninyi ndipo siku inapokwenda."

Basi soksi nimeivua. Nabaki, ila nimemwambia atazame kimya.