Isale kwa Ajili ya Namba Mbili

Elinami rafiki yangu, nilisikia kicheko kabla sijafungua mlango wa ukweni. Kicheko cha shemeji Godlove.

"Namba mbili kafuata babake. Kilaza!"

Kilaza! Anamsema mwanangu, ambaye hata hajaingia tumboni!

Vile viinitete vyetu viwili, mimba changa zilizotungwa kliniki, Godlove kalipia vipimwe akili bila kuniambia. Majibu yamekuja leo. Vyote vizima, ila eti wa kwanza atakuwa kichwa, wa pili wa kawaida tu. Wanataka wa pili atupwe. Atupwe, Elinami!

Nikamuuliza, "Wanampimaje akili mtu ambaye hajawa na kichwa?"

"Wewe wa sifuri ya kidato cha nne, katunge shairi."

Nikakunja ngumi. Ndipo mama mkwe akanishikisha jani la isale. "Mwanangu, nakuomba, kubali."

Isale! Sisi Wachagga ukiombwa kwa isale unakataaje? Nikapiga magoti mbele ya mke wangu Anaeli, nikampa jani lilelile, nikamwombea namba mbili. Mama mkwe akapiga ukelele kwamba isale haligeuzwi hivyo.

Anaeli hakulipokea. Wala hakulisukuma. Alilia tu, akaniuliza, "Akiwa mzito darasani, wakamcheka kama wanavyokucheka wewe?"

Hilo lilinichoma kuliko yote.

Nikamjibu kwa sauti, wote wakisikia: "Nitakaa naye mezani kila jioni mpaka aelewe, Anaeli. Na asipoelewa, nitaendelea kukaa naye."